Dodoso Lisilorejea

Kibuye, saa nne asubuhi, nyundo zimeshapatana mdundo.
Nimesimama na kibao, kalamu mbili, kitambulisho cha chuo shingoni,
na madodoso ishirini, fungu langu katika mia moja na ishirini.
Kichwa cha utafiti kinakula mistari mitatu:
*Vichocheo vya Ubunifu miongoni mwa Wajasiriamali Wadogo…*
Sijamaliza kukisoma, Rispa Apondi ameshavaa miwani ya kuchomelea.
"Uliza tu," anasema. "Mikono ina kazi, masikio hayana."

Swali la saba. Kwa kipimo cha moja hadi tano,
ambapo moja ni sikubaliani kabisa
na tano ni nakubaliana kabisa…
"Mimi hukubaliana na mtu," anasema. "Namba sijapata kukosana nayo."
Naandika tatu.
Mungu anisamehe, tatu ni kaburi la wote tusiowaelewa.

Swali la kumi na nne. Wazo la kikaushio lilitoka wapi?
(a) mafunzo (b) mteja (c) mshindani
(d) mengineyo, taja,
kisha mstari mmoja, mfupi kama kidole gumba.

Anazima mtambo.
"Mvua," anasema.

Aprili, Dunga, omena ya magunia sita imetandazwa juu ya nyavu kuukuu,
sita, kwa mkopo wa chama.
Wingu likateremka kutoka Nandi kama mdai aliyeonyeshwa nyumba.
Jioni ile omena ilikuwa uji wenye macho,
na aliyeinunua aliinunua kwa bei ya chakula cha kuku.
Usiku hakulala. Alitazama friji bovu alimowekea watoto vitabu,
akaitazama, akaitazama,
hadi swali likaja lenyewe, halina kisanduku:
kinachoweza kufungia baridi
kitashindwaje kufungia joto?

Naandika: mvua.
Herufi nne. Zimeutosha mstari, na nafasi imebaki.

Swali la ishirini na mbili. Unaulindaje ubunifu wako?
Je, una hataza?
"Hata nini?"
Namweleza. Anacheka hadi miwani inamtoka.
"Ouko! Njoo usikie, huyu anauliza kama nilikukataza!"
Ouko ameshaunda vinne. Kimoja kina magurudumu ya kigari cha mtoto,
jambo ambalo Apondi hakuliwaza,
na wiki ijayo ataliiba bila haya,
kama alivyoibiwa, mchana, huku akishikilia taa.

Kisha: "Nipe hiyo karatasi."
Akaigeuza. Kwa kipande cha chaki ya fundi akachora
bomba la mikebe ya maziwa, mshale wa hewa unaopanda,
vipimo kwa shubiri na robo shubiri.
Akaibandika kwa sumaku juu ya mlango wa friji.
Nilikuwa na ujasiri wa kuuliza maswali thelathini na moja.
La kusema "nirudishie" sikuwa nalo.

Maseno, ofisini. Daktari Wekulo ana siku mbili hajalala,
ripoti ya wafadhili inadaiwa Ijumaa.
Anahesabu, analowesha kidole, anahesabu tena.
"Mia moja na kumi na tisa. Moja liko wapi?"
"Halikurejeshwa."
"Asilimia tisini na tisa nukta mbili," akasema, uso ukafunguka.
"Wenzetu wataona wivu."

Makala yalitoka. Jina langu limo kwenye shukrani, limekosewa herufi.
Kuyasoma kunalipiwa;
nilipiga hesabu, ni nusu gunia la omena kavu.

Aprili imerudi. Nilipita Kibuye kununua bawaba.
Karatasi bado ipo, moshi umeipaka rangi ya chai,
na bomba la mikebe limesimama kweli, linapumua.
"Yale maswali yenu," Apondi akasema, "mlipata jibu?"
"Tulipata."
"Ni nini?"
"Mafunzo. Kichocheo kikuu ni mafunzo."
Akafikiri. Akafikiri kwa haki kabisa.
"Ya nani?"

Mbingu za Nandi zilikuwa zimeanza kukunja uso.
Akanipa ncha ya futi.
"Shika hapo. Usiachie."