Kilo Ishirini na Tatu

Mashine ingali chumba cha nyuma, hapa Onda,
kati ya baiskeli ya baba na madebe ya rangi.
Juu yake nilijifunza kazi nikiwa na miaka kumi na sita:
kuvuta uzi, kuubana, kukata ncha.
Raketi za mdogo wangu Amparo, mbili kwa juma,
halafu nne, halafu sita.
Daftarini niliandika tarehe, mji,
na uzi umevutwa kwa kilo ngapi.

Kilo ishirini na sita. Castellón, Agosti.
Ana miaka kumi na minne,
anapiga mpira kama mtu anayedai deni.

Baba alikuwa mtu wa tanuri. Miaka thelathini
alichoma vigae vya sakafu za watu asiowajua.
Aliposema udongo uwahi ungali maji
hakuwa anapamba maneno, alikuwa anatazama saa.
Jioni alimngoja kando ya uwanja,
viatu vyake vyeupe kwa vumbi, vya Amparo vyekundu,
na mama mlangoni akawazuia wote wawili
kwa fagio moja.

Ishirini na tano. Monastir. Antalya.
Mji wa Poland ambao ulimi wangu uliukataa:
mvua siku nne, chumba kimoja na Mslovakia anayekoroma,
na zawadi isiyofika nusu ya nauli.
Akapiga simu: Roser, nimeshinda!
Nani alikuwapo?
Mwamuzi, yule msichana, na paka.

Nafasi ya mia nne na tisa. Ya mia mbili sabini.
Ya mia moja hamsini na moja:
hapo mwoka mikate akabandika picha yake juu ya mizani,
akaendelea kutuuzia kwa bei ileile.

Paris, mechi ya mwisho ya kufuzu.
Ishirini na tatu, maana bega limeanza kunong'ona.
Safari hii nilikuwapo,
baba kando yangu kaikamata kofia kwa mikono miwili.
Seti ya tatu, tano kwa sita, pointi moja tu imzike.
Mpira wa yule Mcheki ukatua karibu na mstari.
Nje! ikalia sauti.
Tukapumua, hata mzee wa mbele yetu, ambaye hatukumjua.

Amparo akaenda kuitazama alama.
Udongo huandika kila kinachouangukia.
Aliinama muda wa kumenya chungwa zima,
kisha akaifuta kwa kiatu,
akatembea hadi wavuni kutoa mkono.

Kilomita mia nane sikumsemesha.
Karibu na Perpignan, baba amelala au anajifanya,
nikasema: Ungenyamaza tu.
Akatazama taa za malori.
Iligusa, akasema. Kipande kama ukucha.
Halafu: Mkate umebaki?

Usiku ule nilifungua daftari,
na pembeni mwa Paris nikaandika kwa penseli: Mjinga.

Ishirini na mbili. Ishirini na moja na nusu.
Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pake palikuwa begani.
Wapasuaji wa Valencia walimfungua mara mbili.
Kumi na tisa, uzi umelegea kama wa kuanikia nguo,
na siku moja ya Oktoba akashindwa dakika hamsini na tatu
na binti aliyemwita “bibi”, kwa heshima kabisa.
Hakulia. Aliniuliza raketi zilizobaki zitauzwa bei gani.

Baba amekwenda. Tanuri limezimwa, gesi ni ghali.
Jumanne na Alhamisi Amparo anafundisha watoto uwanja wa manispaa,
akirudi soksi zake bado zinachafua maji.

Jana ameingia chumba cha nyuma, kalikuta daftari wazi.
Nikamwona amelifikia lile neno.
Kidole chake kikasimama.
Akacheka kwa pua, akageuza ukurasa,
akanisukumia raketi fupi yenye kibandiko cha kasa.

Andika, akasema. Llum, miaka tisa.
Kilo kumi na nane. Na usiikaze, ana haraka huyu.