Vijicho Arubaini na Vinane

Falaji yetu hapa Ibra hugawiwa kwa zamu,
nusu saa nusu saa, na kila zamu huitwa athari.
Athari arubaini na nane, usiku na mchana.
Bibi aliniachia mbili,
na sindano, na Kiswahili cha Unguja
ambacho wajukuu zangu hukijibu kwa Kiarabu.

Zamani maji yakiingia mitendeni bila hodi.
Siku hizi huja kama mdaiwa:
yachungulia, yarudi.

Nilikwenda kwa wakili wa falaji.
"Mvua, Shinuna," akasema. "Tuombe mvua."
Hakutaja visima.
Hakutaja kisima cha mwanawe,
kinachojaza kidimbwi cha nyumba ya kukodisha
ambako watu wa Maskati huja Alhamisi
kurusha watoto majini.

Basi nikamdarizia kofia ya Idi.
Kila athari yenye maji, kijicho cha uzi wa samawati,
mishono midogo kama ufuta.
Kila athari kavu nikaitoboa, nikaiacha hivyo,
tundu wazi, nyuzi zachomoza.
Vya samawati vikatimia kumi na tisa.

Idi iliangukia Juni. Hotuba ilikuwa ndefu.
Jioni alikuja, upara umejaa madoa mekundu.
"Kofia yako ina kasoro. Yapitisha jua."
"Hesabu," nikamwambia.
Akahesabu matundu kwa ukucha wa kidole gumba.
Alipofika ishirini na tisa alinyamaza,
akaivaa tena, akaenda zake.
Sijui kama alipita kwa mwanawe.
Kidimbwi bado kina maji.

Ila sasa wenzangu wanne wanashona namna hii,
kila mmoja na hesabu ya kijiji chake,
na vijana huzivaa mpaka chuoni,
wakiulizwa matundu ni ya nini, wanaeleza.
Na mwenye duka mmoja wa Maskati kanipigia simu:
anataka mia, matundu ndiyo mtindo,
lakini uzi uwe wa kahawia, Bi Shinuna,
samawati haiuziki.

Nilicheka hata sindano ikanichoma.

Leo nimekata kitambaa kipya.
Kwanza nilishuka falajini, nikatia kidole
kama apimaye homa ya mtoto,
kisha nikauliza nyumba moja moja.

Kumi na saba.

Uzi wa samawati umenibakia mwingi.