Mstari wa Saba

Fomu ina mistari kumi na miwili.
Sita ya kwanza hainisumbui: jina, la baba, la mama,
mwaka wa kuzaliwa, komini, simu.
Wa saba ndio huu: Jimbo la asili.

Mimi karani tu, hapa Lubumbashi. Nagonga mihuri,
nagawa mafaili marundo mawili:
wana wa udongo huu, juu, dirishani;
wa kuja, chini, karibu na ndoo ya deki.

Badibanga amepata themanini na moja.
Kazaliwa komini ya Kenya, nyuma ya soko,
katika nyumba ambayo babu yake alipewa na kampuni
pamoja na miche miwili ya sabuni, na kikohozi.
Mstari wa saba unasema Kasai,
ambako hajawahi kula hata muhogo.

Kisimba amepata sitini na nne.
Nilifika kwao mara moja, nje ya Kambove:
mwalimu mmoja, madarasa manne, ubao uliopasuka,
na nyuma ya shule, shimo.
Shaba ilitoka humo kwa malori tangu enzi za babu yake,
na hakuna mtoto wa pale aliyeingia ofisini
ila kwa ufagio.
Sitini na nne yake ina uzito gani?
Mizani yetu hupima mawe. Mwendo haiujui.

Bosi anasema: mwenyeji kwanza, yamekwisha.
Mama Ngalula wa mapokezi anafuta meza isiyo na vumbi.
“Mwaka ule walisema hivyo hivyo,
tukalala kituoni na magodoro yetu, tukingoja treni.”

Nami? Mama yangu alitoka hukohuko Kasai.
Baba wa Kasenga. Nikarithi jina lake, Mwelwa,
nikarithi dirisha.
Jina la mama liko mstari wa tatu. Hakuna anayelisoma.

Mstari wa kumi na mbili: Maoni ya karani.
Miaka tisa nimeuacha mtupu.
Leo nimeandika:
Kama Kisimba anadaiwa, alipwe na waliochimba,
asilipwe kwa mfuko wa Badibanga.
Nikasoma tena.
Waliochimba wamekwenda na risiti zao.
Shule huchukua miaka kumi na miwili kuzaa mtu,
na Kisimba ana ishirini na sita, ana mtoto, ana njaa ya leo.

Nimekata mstari.
Saa sita. Bukari inapoa kwenye bakuli.
Bosi anaita: “Mwelwa, mafaili!”
Nayashika yote mawili,
dole gumba limelowa wino.