Makopo Mawili

Katika ukumbi wa ofisi ya kata, Mbagala Kizuiani,
feni moja ikizunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo,
Mwalimu Nyamizi aliandika ubaoni: MTAJI.
Chini yake hakuandika kitu.
"Nani anao?"
Tukatazama miguu yetu, wanawake kumi na tisa
na kijana mmoja fundi viatu, aliyekuja, nadhani, kwa ajili ya soda.

Nikasema mimi nina ndoo, mwiko,
na elfu ishirini na tano ya upatu.
Akaandika: ndoo. Mwiko. Elfu ishirini na tano.
Sikuwahi kuona vitu vyangu vikiandikwa kwa chaki.

Kariakoo, kichochoro cha nyuma ya Msimbazi,
muuza kemikali alinipimia bila kunitazama:
salfoniki, slesi, chumvi, rangi ya kijani,
marashi ya limau, kichupa kifupi kuliko kidole gumba.
"Koroga upande mmoja tu. Ukigeuza, inakukataa."

Nilianza na adhana ya alfajiri.
Mkono wa kulia ulipochoka nikampa wa kushoto kazi,
naye, mgeni wa mambo, akageuza.
Sabuni ikanikataa.
Ikabaki maji ya kijani na povu la aibu.
Mwezi mzima nilifulia mapazia,
yangu, kisha ya jirani.

Ya pili niliigharamia kwa doti ya kitenge,
ile ya harusi ya Semeni, nilikuwa nimeivaa mara moja.
Hiyo ilinata.
Ilishuka kutoka kwenye kata polepole,
kama mtu anayejua anasubiriwa.
Chupa kumi na tatu, elfu mbili mbili.

Darasani nikasimama na hesabu yangu:
nimetumia kumi na nane, nimepata ishirini na sita,
faida elfu nane!
Wakanipigia makofi. Mwalimu hakupiga.
"Nauli?" Elfu moja na mia nne.
"Chupa tupu uliziokota?" Nilinunua, mia mia.
"Maji?" Mia tatu.
Chaki ikala, ikala, ikafika elfu tano.
"Na huu mkono," akauinua wangu, una malengelenge,
"umeulipa nini?"

Nilitaka kucheka. Nani hulipa mkono wake?

Akasema: mali bila daftari,
na sisi sote tukamalizia, hupotea bila habari,
maana tumeisoma ukutani
mwa kila duka tulilowahi kuliona likifungwa.

Sasa nina makopo mawili juu ya kabati.
La Kimbo ni la nyumba.
La maziwa ni la sabuni, na lina kifuniko kigumu.
Usiku mchele ukiisha,
kopo la maziwa huniita kwa jina langu la utotoni.
Mara mbili nimeitika.
Mara mbili nimeandika: *Amekopa Mwanakheri. Atarudisha Ijumaa.*
Moja nimerudisha.

Mama lishe wa Rangi Tatu anachukua chupa nne kwa wiki,
analipa tatu, ya nne ni "kesho mwanangu."
Kesho zake nazo nina ukurasa wake.

Jana amekuja shemeji Kibwana, amekaa, amekunywa chai,
amesifu watoto, amesifu paa,
akiondoka akainua chupa moja, "hii ya shemejio,"
na katika ukoo wetu hakuna neno la kujibu hapo.
Nikamsindikiza hadi barabarani.

Nikarudi, nikafungua kopo la Kimbo,
nikatoa elfu mbili,
nikazitia kwenye lile la maziwa.
Daftarini, mstari wa mteja,
nikaandika jina langu.
Mbele yake: *amelipa.*