Milimita Kumi na Moja

Sokuton alishuka na vitunguu kutoka Kapchorwa,
gia ya kwanza mlima mzima,
na alipozima injini uani kwangu, Namatala,
niliona paja lake la kulia limelishinda la kushoto:
miaka kumi na tisa ya kukanyaga.
"Nimechoka kusali kwenye kona," akasema.
Basi. Hakuniambia mengine, nami sikumwuliza.

Pikapu ile ni mkubwa wangu kwa umri.
Ngoma zake za breki zilivuma enzi zake
wala hazikupasuka kama methali inavyotaka;
ziliacha tu kushika, taratibu,
kama mkono wa mgonjwa.
Wamimbi akazing'oa za mbele, akafunga sahani
za gari jingine, jipya kidogo, lililokufa ubavu.
Lakini sahani hazishindwi na paja la mtu.
Zinataka nguvu ya hewa.
Zinataka busta.

Busta tuliipata Kampala, Kisekka,
imefungwa kwa gunia la sukari,
nyeusi, ya mviringo, nzito kama sufuria ya matanga.
Bolti zake nne hazikuyajua matundu ya ukuta wetu,
na fimbo yake ya nyuma, ile inayopokea kanyagio,
ilitengenezewa mguu wa mtu mwingine.
Kuna fundi pale Sironko aliyesema: kata, chomea, maliza.
Mimi fimbo ya breki siichomelei.
Kiungo cha moto hakiagi kinapoondoka.

Nikaibana kwenye kerezo. Nikakata.
Chuma kikatoa nywele za buluu,
nikachonga hesi upya, mzunguko kwa mzunguko,
na umeme, ukiwa ni umeme wa kwetu,
ukakatika katikati ya hesi.
Tukakaa. Wamimbi akachoma mahindi.
Sokuton akachambua vitunguu vilivyoanza kulainika.

Uliporudi, ilibaki kazi ndogo,
na kazi ndogo ndiyo yenye kuua.
Ncha ya fimbo ya mbele na pistoni ya masta silinda
zisisukumane, wala zisitupane mkono.
Ikizidi urefu kwa unywele, breki zinajishika zenyewe,
zinatokota, na ukifika Sipi unanuka moshi.
Ikipungua, mguu unazama kwanza kukitafuta chuma,
na kona haimngoji anayetafuta.

Sina kipimo cha kiwandani.
Nilichukua udongo wa kichuguu, nikaufinyanga
kidonge kama punje ya njugu,
nikakibandika kwenye ncha, nikafunga, nikafungua.
Kikatoka bapa, kinene bado.
Nikasogeza nati robo mzunguko. Kidonge kingine.
Cha saba kilitoka chembamba kama ukucha wa mtoto.
Hapo nikanyamaza, nikafunga moja kwa moja.

"Kanyaga mara nne, injini ikiwa imezimwa.
Shikilia. Sasa washa."
Kanyagio likashuka kidogo chini ya kiatu chake
kama mtu aliyekubali.
Sokuton akanitazama
kana kwamba nimemnyang'anya kitu.

Kwenye barabara ya Tirinyi alikanyaga alivyozoea,
kwa mguu wa miaka kumi na tisa.
Gari likasimama palepale. Vitunguu havikusimama:
viliruka juu ya vichwa vyetu,
vikabingirika kwenye boneti, vikaingia shamba la mpunga.
Wanawake waliokuwa wakipalilia walicheka hadi wakakaa,
kisha wakaokota, wakarudisha. Vingi, si vyote.

"Gusa tu," nikamwambia.
"Gusa," akarudia, kama neno la kabila asilolijua.

Kipande nilichokata kimo kwenye kopo la maziwa
pamoja na vingine, kila kimoja kimetoka kwa gari lake.
Milimita kumi na moja; sijui kwa nini nilikipima.
Aliporudi Desemba kubadilisha mafuta,
nilitazama paja kwanza,
magurudumu baadaye.