Mashine ya Viggo

Viggo alipohamia kwa bintiye aliniachia vitu vitatu:
paka asiyependa watu, ngazi ya mbao,
na kigunduzi hiki cha metali, kimefungwa kwa kamba ya marobota.
"Kimekufa," alisema. "Au kimenichoka mimi."

Machi hapa Lolland. Mashamba ya viazisukari tope tupu,
mvua inalipiga dirisha la jikoni kwa ubavu.
Natandika gazeti mezani. Nafungua skrubu nne;
ya tano imeota kutu, inaninyima kichwa chake.
Natia tone la mafuta ya cherehani, nanywa kahawa, nangoja.
Miaka thelathini niliendesha basi la shule:
kungoja nakujua.

Kwenye kitako cha betri, chumvi ya kijani,
laini kama ukungu wa mkate.
Betri zimejila zenyewe, kisha zikatapika.
Siki kwenye pamba, njiti ya kiberiti,
nakwangua hadi shaba ipepese jicho.
Betri mpya. Swichi.
Kimya.

Haya. Tusikasirike.
Napima kwa mita: hapa umeme upo, hapa upo,
hapa upo,
hapa haupo.
Waya umekatika ndani ya gamba lake, shingoni,
pale Viggo alipoukunja kila Jumapili kwa miaka ishirini;
nje mzima, ndani nyuzi zimeachana zamani,
kama ndoa ya dada yangu Birthe.

Naukata, nauchuna, nausokota upya.
Mkono wangu wa kushoto hutetemeka siku hizi,
basi nauegemeza kwenye kopo la sukari.
Lehemu inayeyuka, inang'aa, moshi wa utomvu
unapanda hadi kwenye mapazia. Paka anapiga chafya.

Swichi.
Inalia! Inalia juu ya meza, kando ya meza,
nasogea dirishani inalia, narudi mlangoni inalia.
Nusu saa nzima nakilaumu kifundo changu cha lehemu,
nakilehemu tena, nakitukana kwa lugha ya madereva,
ndipo nakumbuka barafu ya mwaka juzi, vidato vya posta,
na skrubu tatu alizonitia daktari nyongani.
Mashine haina kosa.
Imenitambua.

Nikiinyoosha mbali na mwili, inatulia.
Kwa hiyo usiku, mvua ilipokatika, natoka nayo bustanini,
buti za mpira, tochi kinywani,
mkono umenyooka kama wa mtu anayebeba panya mfu.
Msumari. Kifuniko cha chupa. Msumari.
Kisha, pale palipokuwa na lundo la mboji la mama,
sauti nyingine: si ukelele,
ni mlio mrefu, wa chini, usio na haraka.

Mama alikuwa na vijiko sita vya fedha.
Mwaka wa sitini na tatu vikawa vitano,
na Halina, binti wa vibarua wa viazi, aliyetuoshea vyombo,
akaondoka na baiskeli yake bila mshahara wa wiki.
Hakulia. Aliikunja aproni mara nne, akaiweka juu ya kiti.
Nilikuwa na miaka tisa.
Kazi yangu ilikuwa kumwaga maganda.

Huenda ni kipande cha bomba. Huenda ni kengele ya ng'ombe.
Sepeto iko bandani, hatua kumi na mbili.
Sichimbi. Nachomeka kijiti.
Narudi ndani, navuta droo, nahesabu
kana kwamba hesabu itabadilika kwa kunionea huruma:
vitano.

Mashine nimeilaza mezani, sikuizima.
Kila nikipita karibu yake kwenda kulala,
nikirudi kuchukua maji, nikirudi tena bila sababu,
inalia.