Miraba Sita Sakafuni

Seva zetu tulizipa majina ya samaki wa ziwani:
Kuha, Ahven, Siika, Made, Hauki,
na yule mzee aliyekataa kufa, Lahna.
Miaka ishirini na miwili nimezijua kwa sauti.
Feni ya Made ikikwaruza
naisikia nikiwa bado kwenye ngazi.

Jumatatu Oona alichora duara ubaoni,
akasema kwa upole kwamba zote zinahamia winguni.
Ana miaka ishirini na tisa. Simchukii.
Nikauliza, wingu lipi?
Watu wakacheka. Sikuwa natania.
Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hili
halina hata kivuli cha kupita juu ya theluji.

Alhamisi nikitoka kazini sipandi tramu.
Nachukua kamera ya baba mkwe, nzito kama tofali,
filamu ya picha thelathini na sita, hakuna kufuta,
nashuka kwa miguu hadi kwenye maporomoko,
maji meusi yanayoupasua mji wa Tampere
kati ya viwanda vyekundu visivyofuma tena chochote.

Novemba. Saa kumi jioni giza limeshakaa kitako.
Nafungua lenzi hadi mwisho, nazuia pumzi.
Mvuvi chini ya daraja, sigara haijawashwa.
Baiskeli iliyofungwa nguzoni tangu kiangazi.
Nyuma ya kioo, ghorofa ya tatu,
kijana anakimbia juu ya mkanda wa mazoezi
pale pale mama yangu aliposimama
mbele ya mashine zake za kufumia.
Anakimbia, hafiki.
Namsubiri kidogo, labda atafika.
Kisha nabonyeza.

Mama alikuwa na miaka arobaini na mmoja walipozizima.
Alirudi na kigurudumu cha uzi mfukoni mwa koti
na masikio yaliyokwisha kwenda zao.
Akajifunza kuoka mikate ya hospitali.
Hakulalamika, ila hadi leo anapaza sauti,
kana kwamba pamba bado inanguruma kati yetu.
Nilipokuwa mtoto nilimwonea aibu dukani.
Hilo sijawahi kumwambia.

Ijumaa ya mwisho nilizima mwenyewe, moja moja.
Lahna nikamwacha nyuma ya wote.
Niliandika amri, nikakosea herufi, nikaandika tena.
Taa ya kijani. Taa ya kijani.
Halafu hakuna.
Nilidhani kimya kitakuwa kikubwa,
kumbe ule mvumo ulikuwa umehamia kichwani mwangu,
na humo hakuna swichi.

Wabebaji walikuja wawili, wakila ndizi,
wakaviondoa vyuma kabla ya chakula cha mchana.
Pale vilipokuwa ikabaki miraba sita,
safi, rangi ya ile siku tuliyohamia,
siku ambayo Juhana alimwaga bia na tukaapa kutosema.
Nilikuwa na picha moja tu kwenye filamu.
Oona, mlangoni, akauliza kama asogee.
Nikamwambia abaki.
Ndiyo maana pembeni kuna ncha za buti zake,
na tone la theluji iliyoyeyuka.

Sasa nina cheo kipya
ambacho nikikitaja nababaika katikati.
Najifunza pamoja na watoto wa watu;
wananivumilia, nami nawavumilia.
Siku nyingine napenda kabisa, nakiri,
naandika mistari mitatu na kitu kinaamka
katika nchi nisiyoijua, kinafanya kazi, kinalala.
Siku nyingine nagusa ukuta nikipita, kwa mazoea,
kutafuta joto.

Jumapili nilimpelekea mama picha.
Akaisogeza dirishani.
"Sakafu?" akapaza sauti.
"Sakafu!" nami nikapaza.
Akapitisha kidole gumba juu ya miraba,
polepole, midomo ikihesabu.
"Zangu zilikuwa nne," akasema,
akaenda kuchemsha kahawa.